Mkebe wa Chuma kwa Ajili ya Besi

Besi hula nafasi. Sauti nyembamba, kama ya filimbi au upatu, ikichongwa kwenye santuri huacha mfereji unaotetema kidogo tu. Sauti nzito huuyumbisha mfereji huku na huku, na mifereji inayoyumba haiwezi kukaa karibukaribu, maana mmoja ukimwingilia mwenzake sindano inaruka. Kwa hiyo santuri ndefu ya kawaida, ile ya mizunguko 33 kwa dakika, ukishaitia dakika 20 na ushee kila upande, fundi wa kuchonga hana budi kukata mahali. Anapunguza besi, au anashusha sauti yote, ili muziki uenee. Msikilizaji hajui kama kuna alichonyimwa. Atajuaje, na hiyo ndiyo santuri pekee anayoijua?

Wajamaika walijua. Rege bila besi ni kelele za pembeni tu, na watu waliozoea kuisikia mbele ya spika zenye urefu wa mtu hawakuwa tayari kuipokea ikiwa imekondeana. Ndiyo sababu katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 rege ilizidi kutolewa kwenye sahani pana za inchi 12 zilizobeba wimbo mmoja upande mmoja, zikizunguka kwa kasi ya 45. Eneo ni kubwa, dakika ni chache, mfereji unayumba utakavyo. Tena kasi ya 45 huipa sindano njia ndefu zaidi ya kupita kila sekunde, kwa hiyo hata sauti kali za juu hutoka safi.

London, mwaka 1979, bendi ya Public Image Ltd, ambayo kila mtu huiita PiL, iliichukua hekima hiyo ya wimbo mmoja ikaitumia kwa albamu nzima. *Metal Box*, albamu yao ya pili, ilitoka tarehe 23 Novemba mwaka huo. Ni muziki wa saa moja hivi, uliogawanywa kwenye sahani tatu za inchi 12 za kasi ya 45. Pande sita, kila upande dakika kama kumi. Na kwa kuwa sahani tatu zilihitaji pa kukaa, zilitiwa kwenye mkebe wa chuma wa mviringo, wa aina ile iliyotumika kuhifadhi mikanda ya filamu ya milimita 16, nembo ya bendi ikiwa imebonyezwa juu ya kifuniko. Watu hupenda kuanza na mkebe, kwa sababu unapigwa picha vizuri. Mimi naona mkebe ulikuja mwisho. Kwanza ilikuwa besi.

Aliyeipiga alikuwa John Wardle, kijana wa Stepney, mashariki ya London, anayejulikana kwa jina la Jah Wobble. Jina hilo alipewa na rafiki yake Sid Vicious, ambaye siku moja akiwa amelewa alishindwa kulitamka John Wardle likatoka hivyo. Wobble hakuwa amesomea chombo chochote. Alijifunza kwa kusikiliza rekodi za rege na za dabu, tawi la rege, na jambo alilolichukua humo, ambalo wengine waliosikiliza rekodi zilezile hawakulichukua, ni kuacha. Mstari wake wa besi una noti chache, huzunguka, hurudi pale pale, na haupambwi. Mpiga besi mwenye shahada angetia vijimanjonjo kila baada ya mizunguko minne ili tujue yupo. Wobble haondoki kwenye mstari wake, wala haharakishi. Katika "Albatross", wimbo unaofungua sahani ya kwanza na kuchukua upande mzima kwa zaidi ya dakika kumi, kinachobadilika hapo chini ni kidogo mno hivi kwamba baada ya dakika ya tano unaanza kusikia tofauti ya uzito wa kidole kutoka pigo moja hadi jingine.

Msikilizaji aliyekuzwa na muziki wetu wa dansi atapata shida kidogo mwanzoni. Tumezoea gita la solo liongoze, ridhimu ijaze katikati, besi ishike mwendo, na mwili unajua lini wimbo unakaribia kuchanganya. Hapa hakuna kuchanganya. Hapa besi ndiyo inayoimba, na gita ndilo linalozunguka nje kama mtu anayetafuta mlango.

Gita hilo lilikuwa la Keith Levene. Akiwa bado mvulana aliwahi kufanya kazi ya kubeba vyombo vya bendi ya Yes, kundi la wapigaji mabingwa wa nyimbo ndefu zenye mikunjo mingi, halafu akawa miongoni mwa waanzilishi wa The Clash, akatoka kabla hawajarekodi. Mtu wa historia hiyo angeweza kupiga chochote. Alichochagua ni sauti nyembamba, kali, ya kimetali kwelikweli: alijulikana kwa kupiga gita lililotengenezwa kwa alumini. Alikuwa na kanuni moja ninayoipenda sana: akikosea hakukimbilia kusahihisha. Alilirudia kosa makusudi, aone litampeleka wapi, na likirudiwa mara ya tatu huwa si kosa tena.

Angalia sasa kilichotokea. Besi imekaa chini kabisa. Gita limepanda juu kabisa. Katikati, mahali ambapo katika muziki wa roki hujazwa na magita mawili yanayonguruma, pako wazi. Ni uwazi uliopangwa, na humo ndimo ilimowekwa sauti ya John Lydon, aliyekuwa Johnny Rotten wa Sex Pistols mpaka kundi lile lilipovunjika Januari 1978. Sauti yake haikuwa na utamu hata siku moja. Kule kwenye Sex Pistols ilibidi apige kelele ili apenye ukuta wa magita. Hapa hana ukuta wa kupenya. Analalama, ananong'ona, anaghani kama muadhini aliyechoka, na kila silabi inafika. Wanaosema Lydon hakuwa mwimbaji wamsikilize humu, kisha waseme ni mwimbaji gani mwenye sauti nzuri angeweza kukaa mahali hapo asiharibu.

Rege kwake haikuwa kitu cha kuokota njiani. Mara baada ya Sex Pistols kuvunjika alikwenda Jamaika pamoja na Richard Branson, mwenye kampuni ya Virgin, aliyekuwa akitafuta wasanii wa rege wa kuwasaini. Aliandamana pia na Dennis Morris, mpiga picha mzaliwa wa Jamaika aliyekulia London na aliyempiga picha Bob Marley tangu akiwa bado kijana wa shule. Morris tutarudi kwake, maana mkebe ni wake.

Albamu ya kwanza, *Public Image: First Issue*, ilitoka Desemba 1978. Ina wimbo mmoja bora sana, ule wenye jina la bendi, uliofika nafasi ya 9 Uingereza. Sehemu nyingine bado ina harufu ya roki. Kati ya hiyo na ya pili, mpiga dramu Jim Walker aliondoka, na bendi ikaingia studio bila mpiga dramu wa kudumu na bila prodyuza. Wapiga dramu walipita kama abiria: David Humphrey, Richard Dudanski, mwishoni Martin Atkins. Atkins alifika kufanyiwa majaribio, mkanda ukiwa unazunguka, na majaribio hayo ndiyo "Bad Baby" unayoisikia kwenye albamu. Katika "Poptones" dramu zilipigwa na Levene mwenyewe.

"Poptones" ndiyo ningemchezea mtu ambaye hajawahi kuisikia albamu hii. Gita linaanza kwa kuchambua noti moja moja, kwa kushuka na kupanda, kitu ambacho kwa sekunde kumi unaweza kukidhania kizuri tu. Kisha unagundua kwamba mduara haufungi vizuri. Noti ya mwisho haitui pale sikio lilipoitegemea. Inateleza kidogo, na mduara mwingine unaanza kabla hujatulia. Besi inaingia chini yake kwa mwendo wa mtu asiyejali. Dramu za Levene zina upatu mwingi kuliko ambavyo mpiga dramu wa kweli angethubutu, na upatu huo unaungana na gita mpaka huwezi kusema kipi ni kipi. Juu ya yote Lydon anasimulia, kwa sauti ya mtu aliyelala kwenye nyasi zilizolowa, kisa kilichotokana na habari ya magazetini: msichana aliyetekwa akapelekwa msituni kwa gari, na kaseti ya muziki mtamu ikipigwa garini njia nzima. Anasimulia kwa nafsi ya aliyetekwa. Hakuna hasira kwenye sauti, na hakuna kilio. Gita linaendelea kuzunguka kwa uzuri wake uliochachuka, na baada ya dakika saba unaelewa kwamba uzuri huo ndio ile kaseti.

Ufundi wa namna hii haupatikani kwa kufuata daftari. Lakini haupatikani kwa bahati pia, na hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoieleza albamu hii kama tokeo la vijana wasiojua walitendalo. Chukua "Memories". Wimbo unakwenda, mkavu, umebanwa, kisha ghafla chumba kizima kinabadilika: besi inavimba, dramu zinasogea mbele, kama mtu amekuhamisha ukumbi. Baadaye unarudishwa. Wimbo uliunganishwa kutoka michanganyo miwili tofauti ya sauti. Kila studio hufanya maunganisho ya mkanda, na kila fundi hujisifu kwamba kiungo hakisikiki. PiL wameacha kiungo kisikike, tena wamekiweka mahali ambapo kinafanya kazi ya kibwagizo.

Au chukua "Swan Lake", ambayo ilitoka kwanza kama wimbo wa pekee katikati ya mwaka 1979 kwa jina la "Death Disco" na kufika nafasi ya 20. Lydon aliutunga kwa ajili ya mama yake, aliyefariki kwa saratani. Mwendo wa dramu ni wa disko, wa kuchezeka kabisa. Levene anaingiza kwenye gita sauti ya Tchaikovsky, ile ya bata maji, akiipiga huku akiikwaruza. Na mwana anampigia mama yake ukelele wa msiba katikati ya ukumbi wa dansi. Wimbo huo ulionyeshwa kwenye *Top of the Pops*, kipindi cha televisheni ambacho familia nzima ya Kiingereza ilikitazama na chai mkononi. Sisi ambao kwetu matanga na ngoma vimeshawahi kukaa uwanja mmoja hatuna haja ya kuelezwa jinsi kitu hicho kinavyowezekana. Kwa Waingereza wa 1979 ilikuwa ni kufuru au kichekesho, na wengi hawakuamua ni kipi.

Si kila upande una uzito huo. "Socialist" ni zoezi la vyombo lililoachwa likae, na "Chant" nimeivumilia zaidi ya nilivyoipenda. "Careering" inalipa: sinthesaiza ya Levene inavuma juu kama helikopta inayotafuta mtu gizani, na Lydon anaimba juu ya mtu mwenye silaha katika vita vya Ireland ya Kaskazini. Na ya mwisho, "Radio 4", haina sauti ya mtu. Levene aliirekodi peke yake, nyuzi za kinanda na besi, na besi hiyo ameipiga kwa namna ya Wobble. Ukiwa hujaambiwa hutajua. Nimeisikiliza nikitafuta tofauti na naikuta kwenye kitu kimoja tu: Levene anajibu nyuzi, Wobble asingejibu.

Mkebe, basi. Dennis Morris ndiye aliyeubuni. Kabla yake palikuwa na wazo la kufunga albamu kwa msasa, ili kila inapotolewa rafuni iwe imekwaruza majalada ya jirani zake. Wazo hilo liliachwa, na mwaka 1980 bendi nyingine, The Durutti Column, ikalitekeleza. Mkebe haukuwa ghali kupindukia kuutengeneza, lakini Virgin iliidai bendi irudishe theluthi ya malipo yake ya awali kwa ajili ya gharama. Zikatoka nakala 60,000 za mwanzo. Jina la albamu halikwenda mbali na kitu chenyewe. Kulikuwa pia na kampuni kubwa ya Kiingereza ya jina hilohilo, watengenezaji wa makopo, waliokuwa na viwanda hadi Thika na Dar es Salaam, kwa hiyo kuna wazee wa huku waliolisoma jina la Metal Box kwenye lango la kiwanda miaka mingi kabla ya kusikia kwamba ni muziki.

Kuufungua mkebe huo ni kazi. Kifuniko kimekaa barabara na hakina pa kushikia, unakizungusha kwa viganja mpaka kiachie. Ndani, sahani tatu zimebanana, na kati yake hamna bahasha, ni karatasi tu za mviringo zenye upana uleule wa sahani. Kidole hakipati ukingo. Ukiinamisha mkebe zinatoka zote kwa mpigo. Ukichokonoa kwa kucha unakwaruza. Nakala nyingi zilizosalia zina michubuko iliyotokana na kitendo hicho hasa, cha mwenye mali kujaribu kusikiliza mali yake, na chuma chenyewe kimepata kutu. Halafu kila baada ya dakika kumi unyanyuke ugeuze upande. Na kwa kuwa hakuna kinachokulazimisha uanze na sahani ipi, watu waliijua albamu hii kwa mipangilio tofauti. Aliyeizoea kwenye CD, ambako nyimbo zote 12 zimepangwa mkia na kichwa, anaijua nyingine.

Hapa ndipo ninapowaonea huruma Virgin kidogo. Waliuza kitu kilicho kigumu kufunguka, kigumu kutoa, kinachokatiza muziki mara tano, cha bendi isiyo na mpiga dramu. Albamu ilifika nafasi ya 18 kwenye chati ya Uingereza. Magazeti ya muziki ya London yaliisifu sana. Februari 1980 ikatolewa upya kama santuri mbili za kawaida, kwa jina *Second Edition*, ndani ya jalada la karatasi lenye picha za nyuso zilizopindishwa. Hiyo ndiyo waliyoipata Wamarekani. Nyimbo ni zilezile, lakini zimebanwa kwenye pande nne za kasi ya 33, na ukiweka nakala hizi mbili kwenye mtambo mmoja huhitaji sikio la fundi. Kwenye sahani za 45 besi inasukuma hewa ya chumba. Kwenye *Second Edition* unaisikia tu.

Mwezi Mei mwaka huo waliitwa kwenye *American Bandstand*, kipindi cha Dick Clark, wafunguefungue midomo juu ya mkanda wa "Poptones" na "Careering". Lydon alijaribu kwa sekunde chache, akaona upuuzi, akashuka kwa watazamaji na kuanza kuwavuta jukwaani mmoja mmoja, mpaka jukwaa likajaa vijana waliovaa vizuri wakicheza mbele ya bendi isiyojisumbua hata kujifanya inapiga. Picha hizo zipo na zinachekesha. Kilichonishangaza mimi ni kwamba vijana wale, ambao wengi wao bila shaka hawakuwahi kuusikia muziki huo, wanacheza vizuri. Wanaifuata besi.

Katika mwaka huohuo wa 1980 Wobble alitengana na wenzake, baada ya kutumia mikanda ya bendi kwenye albamu yake binafsi. Kuna kipindi katika miaka ya 1980 alifanya kazi kwenye reli ya chini ya ardhi ya London. Baadaye akarudi kwenye muziki, na mwaka 1991 bendi ya Primal Scream walipotaka kuuzungusha wimbo wao "Higher Than the Sun" kwa namna ya dabu, besi waliyoiita ilikuwa yake. Mwaka 2021 aliirekodi upya *Metal Box* kwa mtindo wa dabu, akiwa na wanamuziki wengine. Levene alifariki Novemba 2022.

Wobble alipotoka, PiL hawakuajiri mtu wa kumwiga. Albamu ya tatu, *The Flowers of Romance*, ya mwaka 1981, ina dramu kubwa mbele na karibu haina besi kabisa. Ilitoka kwenye jalada la kawaida la karatasi, sahani moja, na kwenye chati ilifika nafasi ya 11.